Yavuyavu wa Mwaka wa Tisini na Nne

Yekosofati Wanyera nilimkuta Mbale mwaka 1996, nilipopangiwa kufundisha baiolojia katika shule moja iliyo nyuma ya maghala ya eneo la viwanda. Alikuwa mtunza maabara. Mtu mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na kitu, aliyetembea kana kwamba kuna mtu nyuma yake anayemhesabia hatua. Walimu walimwita Afande. Hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kuwa askari. Kiswahili chake kilitosha, maana kwetu Uganda mtu wa umri ule akikusemesha Kiswahili bila kusita, unajua alijifunzia jeshini.

Haya ninayoyasimulia aliniambia mwenyewe, kidogo kidogo, tukiosha vyombo vya vioo baada ya vipindi. Mengine nilimuuliza Juliet Nabirye, mwalimu aliyefanya naye kazi Jinja. Maneno yao yalilingana, isipokuwa pale ambapo Wanyera alijisema vibaya zaidi kuliko Nabirye alivyomsema.

Kazi ya Jinja aliipata mwaka 1989, kufagia maabara ya shule ya sekondari na kuosha chupa. Miaka miwili baadaye akaja Nabirye. Alikulia Tanga, alikokimbilia baba yake zamani za utawala wa kijeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule: cha naomba, cha tafadhali, cha samahani. Cha Wanyera kilikuwa cha amri. Nabirye aliniambia kwamba mwezi wa kwanza, kila Wanyera alipofungua mdomo, yeye alinyamaza ghafla, kwa sababu sauti ile ilimkumbusha siku watu walipokuja nyumbani kumuulizia baba yake.

Lakini mtihani wa vitendo wa kidato cha sita ulidai haidra hai, na hakuna aliyejua wapatikane wapi.

"Mzee Wanyera," Nabirye akamwambia, "ni mnyama mdogo, kama kipande cha uzi cha nusu inchi. Hukaa chini ya majani yanayoelea, kwenye maji yaliyotulia."

Wanyera alichukua baiskeli akaenda mpaka kwenye kinamasi cha njia ya Buwenge, akarudi na ndoo ya majani. Aliyaweka kwenye chupa pana dirishani, akasubiri. Kufika adhuhuri wale wanyama walikuwa wamejinyoosha: vijiti vya kahawia, kila kimoja na mikono sita au saba myembamba inayoning'inia. Nabirye akamwita kwenye hadubini. Kiroboto wa maji alikuwa akiogelea karibu. Akagusa mkono mmoja wa haidra, akakakamaa palepale. Mkono ukamvuta taratibu hadi mdomoni.

"Amempiga na nini, Madamu?"

"Ngozi yake imejaa vifuko, maelfu. Ndani ya kila kifuko kuna uzi uliokunjwa, una ncha kali na sumu. Kifuko kikiguswa, uzi unafyatuka."

"Yeye ndiye anaamua?"

"Haamui chochote. Hana ubongo. Hana moyo, hana damu. Ni mdomo, tumbo na mikono. Kikiguswa kinafyatuka chenyewe."

Wanyera aliendelea kuangalia. Mwishoni akasema, "Kama mtu wa amri."

Nabirye akavuta kigoda karibu. Siku ile alimweleza ukoo mzima wa haidra: matumbawe aliyoyaona Tanga, ambayo watu hudhani ni mawe kumbe ni makao ya wanyama kama hawa, maelfu kwa maelfu wakijijengea chokaa, anemoni anayefunguka kama ua na kufunga juu ya samaki, na yavuyavu, ambaye watu wa pwani humwita pia konyeza, anayeelea kama mwavuli na kuwasha ngozi. Wote wana vifuko vilevile. Tangu hapo Wanyera akawa mtu wa haidra. Aliwatunza mwaka mzima, akawalisha, akawahesabu wanapochipua watoto ubavuni. Shule nyingine za Jinja zikawa zinamwendea yeye.

Rafiki yake mmoja tu alikuwa Magidu, mchuuzi wa samaki wa kukaushwa, Mwislamu wa Bugembe. Alileta samaki jikoni shuleni, na Ijumaa baada ya swala alipenda kukaa naye kwenye ngazi za maabara wakinywa chai. Magidu alikuwa na jambo moja alilolirudia. Mwaka 1977 kaka yake Mubaraka, fundi cherehani, alichukuliwa mchana kweupe kutoka kwenye mashine yake barabarani Jinja. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni. Kitambaa kilibaki chini ya sindano. Hakuonekana tena.

"Mama bado anamwekea sahani," Magidu alisema.

"Pole," Wanyera alijibu, na kukoroga chai.

Basi ikaja Mei ya mwaka 1994. Redio ilisema miili ya watu waliouawa Rwanda inashuka na mto na kuingia ziwani, huko magharibi, kwa maelfu. Jinja ni mbali na kule, lakini maji ni yaleyale. Kwa wiki moja watu waliacha kula samaki. Magidu alipanga sato wake sokoni asubuhi, jioni akawafunga tena walivyokuwa. Wanawake walichota maji wakiwa wamegeuza nyuso. Wavuvi walivuta nyavu huku wakiogopa uzito wowote usio wa kawaida.

Wiki ya nne ya mwezi ule, asubuhi moja isiyo na upepo, wanawake waliokwenda kuchota maji mwaloni, mahali wavuvi wanapofungia mitumbwi, walipiga kelele na kuacha madebe. Maji ya ufukweni yalikuwa yamejaa vitu vya mviringo, vyeupe, vya kupenyeza mwanga, kila kimoja kama sarafu kubwa. Katikati ya kila kimoja palikuwa na duara jingine. Vilifumba na kufumbua, vikafumba na kufumbua, vikipanda juu kutoka kwenye giza la chini.

Kabla ya saa nne mji mzima ulikuwa na neno moja: macho. Macho ya wafu yamefika Jinja, yanatafuta.

Magidu alikuja maabara akiwa na vinane ndani ya kopo la mafuta ya kupikia.

"Afande, wewe unajua vitu vya maji. Nambie hii ni nini."

Nabirye aliinama juu ya kopo, akacheka kwa mshangao. "Yavuyavu! Nilisoma kwamba wapo katika maziwa makubwa, maji yasiyo na chumvi. Sijawahi kuwaona." Aliwamimina kwenye bakuli la kioo lililowekwa juu ya kitambaa cheusi. Sasa wote watatu waliwaona vizuri: sahani bapa ya ute, pembeni yake mikono mingi mifupi kama nyuzi za shuka, na lile duara la katikati lilikuwa mdomo, mpana kupita kiasi.

"Si macho," Nabirye alisema. "Ni mdomo. Karibu mwili wote ni maji. Ukimwanika juani anabaki utando tu."

"Anauma?" Magidu akauliza.

"Anaua viroboto wa maji. Ngozi yako ni nene, hakuwezi."

"Na ametoka wapi? Mimi nimeishi kando ya ziwa hili miaka arobaini. Sijamwona."

Hapo Nabirye akaeleza jambo ambalo Wanyera alilikariri kwangu neno kwa neno miaka miwili baadaye. Yule anayeelea, alisema, anaishi wiki chache tu. Lakini kuna umbo lake jingine, dogo kama punje ya mtama, halina hata mikono, limejibandika chini kwenye jiwe. Linaweza kukaa pale miaka. Hali ya maji ikibadilika, joto likawa sawa, linachipua, na machipukizi yanaachia na kupanda juu. "Wamekuwa chini muda wote," alisema. "Sisi ndio hatukuwaona. Tukipata jiwe lenye hao, watu wataelewa kwamba hawakuja kutoka Rwanda."

"Jiwe gani?" Magidu akasema. "Huko mwaloni kote ni tope."

"Hawakai kwenye tope. Wanataka kitu kigumu, maji yaliyotulia. Jiwe, zege, chuma cha zamani."

Wanyera alikuwa akifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. Alifuta mpaka mwisho, akakunja kitambaa.

"Mimi najua pahali," akasema.

Walikwenda watatu kesho yake mchana, kwa mtumbwi wa binamu yake Magidu, kupita mwaloni na kuzunguka rasi ndogo. Wanyera alikaa mbele. Hakuonyesha njia kwa mkono. Alisema "kulia" au "polepole" tu, na mahali ambapo Nabirye aliona ukuta wa mafunjo, Wanyera alisema "ingia". Mafunjo yalikuwa membamba hapo. Nyuma yake palikuwa na ghuba ndogo, maji meusi yaliyolala, na gati fupi la zege lililovunjika, na juu yake ukuta wa zege uliosimama peke yake. Kulikuwa na njia ya lori imeshuka kutoka kilimani, imeota miti.

"Umejuaje hapa?" Nabirye akauliza.

"Zamani," alijibu.

Alishuka majini hadi kiunoni, akaanza kung'oa mawe kutoka chini ya gati na kumpa Nabirye aliyeyaweka kwenye ndoo. Alifanya kazi kwa haraka na hakuinua kichwa. Yavuyavu walikuwa wengi kuliko mwaloni. Walimzunguka tumboni na mikononi, wakigonga na kurudi.

Magidu alipanda kwenye gati. Akasogea kwenye ukuta. Zege lilikuwa na vishimo, vingi, na karibu vyote vilikuwa usawa wa kifua cha mtu. Aliingiza kidole katika kimoja. Akaingiza katika kingine. Nabirye alimwona, akaelewa, akashika ukingo wa ndoo kwa nguvu. Maji yalichuruzika kutoka kwenye mawe. Wakati wa kurudi Magidu alipiga kasia peke yake.

Jiwe la tatu ndilo lililokuwa nao. Chini ya hadubini walionekana wamekaa kwa vikundi, vinundu vidogo vilivyonata, vimefunikwa uchafu. Ubavuni mwa kimoja palikuwa na kivimbe cha mviringo. Kivimbe kilikuwa kinacheza.

Siku ya tatu mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano mwaloni, na Nabirye akamwomba Wanyera ndiye aeleze, kwa sababu watu wangemsikia mzee kuliko mwanamke wa vitabu. Alieleza vizuri. Alionyesha jiwe. Aliingiza mkono ndani ya beseni, akamweka yavuyavu mmoja ndani ya mdomo wake wa chini, pale ngozi ilipo laini, akamwacha hapo mpaka watu wakaanza kunong'ona, kisha akamtema.

"Hakuna kitu," alisema. "Si jicho. Hana akili ya kutafuta mtu."

Bibi mmoja mfua nguo aliyekuwa amekaa mbele hakutazama beseni. Alikuwa anamtazama yeye.

"Wewe nakujua," akasema. "Wewe ulikuwa unaendesha lori."

Watu wakageuka. Mwenyekiti alisema mkutano umekwisha, na hata hivyo hakuna aliyeondoka mpaka Wanyera alipoinua beseni na kwenda zake, akimwaga maji njiani.

Yavuyavu walianza kufa wiki ile. Asubuhi walikuwa wanazama mmoja mmoja kama vipande vya karatasi iliyolowa, na ilipofika siku ya tisa maji yalikuwa matupu. Watu wa mwaloni hawakufurahi. Walisema macho yameshamwona mtu yaliyekuwa yanamtafuta.

Magidu alikuja shuleni siku ya kumi na moja. Haikuwa Ijumaa. Wanafunzi walikuwa darasani, maabara ilikuwa tupu. Hakusalimu. Alikaa kwenye kigoda mbele ya hadubini, akasema, "Nionyeshe hao wa kwenye jiwe."

Wanyera akamwekea. Magidu akaweka jicho, akatazama kwa muda mrefu sana. Alizungumza bila kuliondoa.

"Ndugu yangu alikuwa na futi shingoni."

"Ndiyo."

"Nilikwambia mimi."

"Hapana," Wanyera akasema. "Nilikuwa najua kabla wewe hujaniambia."

Nje kengele ililia, viti vikasukumwa, watoto wakapita dirishani wakicheka. Magidu hakuondoa jicho.

"Sema."

Wanyera akasema. Walikuwa watu saba, nyuma ya lori, saa tisa za mchana. Yeye alikuwa dereva. Aliambiwa ashuke ile njia, ageuze gari, azime injini, asitazame nyuma. Hakutazama. Lakini kabla hawajashushwa mmoja wao aligonga kioo kidogo cha nyuma ya kabini, na yeye akaangalia kwenye kioo cha pembeni, akaona futi ya manjano shingoni. Yule mtu aliomba maji. Wanyera alikuwa na chupa miguuni.

"Ukampa?"

"Sikumpa."

"Kwa nini?"

"Afande wetu alikuwa amesimama palepale. Niliogopa."

"Na miaka hii mitatu unakunywa chai na mimi."

Wanyera aliniambia kwamba mara ya kwanza Magidu alipomtajia ile futi alitaka kusema, na kila Ijumaa alitaka kusema, na kila Ijumaa iliyopita ilifanya inayofuata iwe ngumu zaidi.

Magidu akasimama. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. "Kesho utakuja Bugembe," akasema. "Utamwambia mama yangu kama ulivyoniambia mimi. Hata lile la maji."

Wanyera alikwenda. Alivaa shati lake jeupe, akatembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Bugembe, kandokando ya barabara kuu, malori yakimpita. Mama yake Magidu alikuwa amekaa kwenye mkeka, kipofu wa jicho moja, na ndugu kumi na zaidi wamesimama ukutani. Wanyera alipiga magoti. Alimwambia yote kwa Kisoga kibovu, na alipokwama Magidu alitafsiri kutoka Kiswahili, neno kwa neno, kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

Mama aliuliza jambo moja: kama mwanawe alizikwa.

"Hapana, Mama. Majini."

Alitikisa kichwa mara nyingi. Halafu akamwambia binti aliyekuwa karibu aondoe sahani ya Mubaraka kabatini, na akamwambia Wanyera atoke.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Wanyera alijipeleka polisi mwenyewe. Wakaandika maelezo kurasa nne, wakamwambia arudi nyumbani angoje kuitwa. Mawe yalirushwa juu ya bati la chumba chake. Mtu alivunja chupa zote za haidra dirishani, na sakafu ya maabara ikanuka kinamasi siku nzima. Mkuu wa shule alimwambia kwa upole kwamba hawezi kumlinda. Nabirye, ambaye angeweza kunyamaza, alimwandikia barua ya kazi kwa rafiki yake Mbale. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hajui mpaka leo. Kwamba aliandika barua ile mara mbili na mara ya kwanza aliichana.

Ndivyo nilivyomkuta. Hodari wa kazi kuliko mtunza maabara yeyote niliyewahi kumwona. Haidra wake aliwatoa kwenye vinamasi vya Namatala, akawafundisha wanafunzi wangu kumkata mmoja vipande viwili na kungoja kila kipande kiote kilichopungua. Lakini gari lolote likisimama langoni aliacha alichoshika, akafunga vifungo vya koti lake, akasimama wima kuelekea mlangoni. Alisimama hivyo mpaka gari liondoke. Ilikuwa hivyo kila siku, na hakuna gari lililokuja kwa ajili yake.

Februari 1997 mtu mmoja aliyevaa kanzu alifika langoni kwa miguu. Nilikuwa na Wanyera uani. Aliposimama wima nilidhani ameona polisi. Alikuwa Magidu.

"Mama amefariki," Magidu alisema. Hakumwita Afande, hakumwita jina. "Tunataka kusoma dua pale mahali. Magugu maji yamefunga ziwa lote, rasi haionekani, na gati limezama pamoja na ule ukuta. Njoo uonyeshe kabla hujafa."

Wanyera alivua koti la kazi, akanipa, wakaondoka pamoja.

Alirudi siku ya nne. Viganja vilikuwa vimechanika, na kikohozi kilichomwingia kule hakikumtoka tena. Alinieleza mara moja tu. Magugu yalikuwa yamelala juu ya maji kama shamba, mtu angedhani anaweza kutembea juu yake. Chini yake maji yalikuwa meusi, yananuka mayai yaliyooza, hakuna kilichokuwa hai. Ndugu wa Magidu walikata kwa panga kuanzia asubuhi. Walipofika karibu walimwambia ashuke yeye. Alishuka mpaka kifuani, akapapasa kwa miguu ndani ya matope baridi, huku magugu yakifunga nyuma yake, na hakuna aliyemshika mkono. Alitafuta kwa muda wa saa mbili hivi. Mguu ulipogonga zege aliinua mkono, wakachomeka mti mrefu pale. Watu wa dua walisimama mtumbwini wakasoma. Yeye alibaki majini mpaka walipomaliza.

"Magidu alisema nini?" nikamuuliza.

"Alisema, sasa nenda, usirudi Jinja."

Nilimuuliza kama aliona yavuyavu. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la aibu. "Maji yale hayana hewa, mwalimu. Na hata wale wa kwenye mawe hawapo. Niligusa mawe yote. Yalikuwa na ute mweusi tu."

Hakurudi Jinja. Alifanya kazi miaka miwili mingine, akikohoa, akisimama wima kila gari liliposimama, na alifariki Agosti 1999 nyumbani kwake chini ya mlima Wanale. Nilikwenda mazikoni na walimu wanne. Mjane wake, Nambozo, mwanamke mnyamavu ambaye katika miaka yote ile alikuwa amebaki kijijini akilima, alinisogeza pembeni ya migomba watu walipokuwa wanakula.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulikaa naye. Hakuniambia hata siku moja kwa nini aliacha kazi ya Jinja. Kule alikuwa mtu wa namna gani?"

Watoto wake wawili walikuwa wamesimama karibu, wanasikiliza. Nilisema alikuwa mtu aliyejua kazi yake. Aliendelea kunitazama, akingoja niongeze, mpaka mtu alipomwita kutoka jikoni.